UZI: Harusi nzuri bila kuingia kwenye madeni, tuanze na hesabu ya vichwa

#1 Mleta uzi

Habari zenu wakuu. Nimekuwa nasoma maswali ya watu wanaotaka kufunga ndoa na karibu yote yanaanzia sehemu moja, mtu anauliza ukumbi gani mzuri, mapambo ya rangi gani, gauni la aina gani, alafu mwisho kabisa ndo anauliza hela itatoka wapi. Naona tunaanzia mkiani. Nimesaidia kupanga harusi za ndugu na marafiki na wale niliowaona wanakosa usingizi wiki ya mwisho tatizo lao lilikuwa hilohilo, walichagua vitu kwanza ndo wakaanza kuzitafutia hela. Naleta uzi tujadili, ni mrefu kidogo mniwie radhi.

Kwanza kaeni wawili tu. Kabla hamjamwambia mtu yeyote tarehe, andikeni hela mliyonayo na ile ambayo mna uhakika mtaiweka mpaka siku hiyo. Ahadi za watu msiziandike hapo, hata kama aliyeahidi mnamwamini, zikija ni nyongeza na zisipokuja hakuna kilichoharibika. Kwenye jumla mliyopata toeni sehemu moja ya kumi muiweke pembeni na msiiguse, hiyo ni ya dharura, maana wiki ya mwisho lazima kitu kiongezeke, ukumbi unaonekana una joto mnahitaji feni, gari limegoma, wageni wamekuja zaidi. Kinachobaki ndo bajeti yenu. Wahenga walishasema jikune unapojipata.

Sasa la pili ndo lenye hela yote, idadi ya watu. Gharama za harusi ziko za aina mbili. Kuna zile ambazo hazijali vichwa, gauni, suti, pete, mpiga picha, emsii, hizi wakija watu 40 au 400 bei inabaki karibu palepale. Alafu kuna zinazopanda kwa kila mtu anayeingia mlangoni, chakula, vinywaji, viti, meza, vitambaa, mapambo ya mezani, kadi, wahudumu, ukubwa wa keki na ukubwa wa ukumbi wenyewe. Chukua mfano wageni 200 wanakaa 10 kwa meza, hizo ni meza 20, maana yake vitambaa 20 na maua ya katikati ya meza 20. Ukishuka mpaka wageni 120 meza zinakuwa 12. Hapo hujashusha ubora wa kitu hata kimoja, sahani ni ileile na maua ni yaleyale, ila zimeondoka sahani 80 na meza 8 nzima pamoja na kila kilichokuwa juu yake. Linganisha na mtu anayezunguka madukani siku nzima kutafuta riboni za bei nafuu. Atachoka sana na atakachookoa hakifiki hata nauli aliyotumia.

Namna ya kupunguza bila kugombana na watu, msianze na majina. Anzeni na nafasi. Kama bajeti yenu inabeba watu 120 basi 40 ni za familia ya mwanaume, 40 za familia ya mwanamke na 40 za kwenu nyie wawili, marafiki na watu wa kazini. Wazazi mnawapa namba yao na wao ndo wanajaza majina. Hii inasaidia sana sababu mzazi akitaka kumuongeza jirani anajua lazima amtoe mtu kwenye orodha yake mwenyewe, hilo jukumu linakuwa halipo kwenu tena. Na sheria mnayoweka iwe moja kwa pande zote, mkisema watoto hawaji basi wa pande zote mbili hawaji, mkisema kadi ni ya mtu mmoja ni kwa wote. Watu wengi wanaelewa wakiambiwa sheria, kinachowauma ni kuona mwenzao karuhusiwa wao wamekataliwa.

Kuhusu gauni nitasema kidogo. Hili gauni jeupe la kuvaliwa siku moja likafungiwa kabatini, umaarufu wake mkubwa ulianzia kwa Malkia Victoria wa Uingereza alipoolewa na Albert mwaka 1840. Kabla ya hapo huko kwao bibi harusi wengi walivaa gauni lao zuri kuliko yote la rangi yoyote na waliendelea kulivaa baadae. Na huyohuyo Victoria, malkia mzima mwenye uwezo wote, ile lesi ya harusi yake alirudia kuivaa kwenye shughuli nyingine miaka mingi baada ya hapo. Kwa hiyo dada ukikodi gauni, ukiazima la dada yako likarekebishwa na fundi, au ukashona ambalo utaweza kulivaa tena, hakuna ulichopungukiwa. Tenga tu hela ya fundi mzuri, maana gauni la kawaida lililokukaa sawasawa mwilini linapendeza kuliko la gharama linalokuvuka mabega.

Karibuni tuchangie, nitakuwa naingia kujibu.

#2

Mkuu uzi mzuri sana ila mimi ukoo wetu ni mkubwa, nikikata watu nitakuwa nimekata undugu. Wazazi hawatanielewa kabisa. Na sina hela. Sisi tufanyeje?

#3 Mleta uzi

Ndugu yangu hoja yako ni ya msingi na nashukuru umeileta mapema. Kuna utafiti wa wachumi wawili wa Chuo Kikuu cha Emory kule Marekani, Andrew Francis-Tan na Hugo Mialon, waliutoa mwaka 2014, waliwauliza maswali watu zaidi ya 3,000 waliowahi kuoa au kuolewa nchini humo. Waliona kwamba waliotumia hela nyingi kwenye pete na harusi ndoa zao zilielekea kudumu muda mfupi, lakini harusi zilizohudhuriwa na watu wengi ndoa zake zilielekea kudumu zaidi. Yani watu wengi na hela kidogo. Ni uhusiano tu waliouona, hawajasema kimoja kinasababisha kingine, ila mimi unanipa picha kwamba hofu yako ya kukata watu ina maana na hupaswi kuionea aibu.

Kwa hiyo kama watu hawapungui, punguza kinachofanyika. Badilisha saa. Sherehe inayoangukia saa za mlo mkuu inakulazimu ulishe watu mlo kamili, lakini ndoa ikifungwa asubuhi alafu watu wakapata kifungua kinywa, au ikafungwa alasiri wakapata vitafunwa na kitu cha kunywa na keki wakaondoka kabla ya usiku, gharama kwa kichwa inashuka sana na watu wote uliowataka wamekuja. Ila andika kwenye mwaliko waziwazi, kwamba ni saa fulani mpaka saa fulani na kutakuwa na vitafunwa. Mgeni akijua anakula nyumbani kwake kabla ya kuja na anafika na moyo mweupe. Asipojua atakaa na njaa akisubiri chakula ambacho hakipo, hapo ndo lawama zinapozaliwa.

Njia nyingine ni mahali. Ndoa na sherehe zikiwa sehemu moja unafuta usafiri wa katikati, mapambo ya sehemu mbili yanakuwa ya sehemu moja, na wazee hawapandi na kushuka magari. Siku nayo ina bei yake, kumbi nyingi siku za katikati ya wiki au miezi ambayo harusi ni chache wanashusha, wengine hawatangazi mpaka uulize. Ila pima na watu wako, ukiweka siku ya kazi utaokoa ukumbi alafu nusu ya unaowapenda hawatakuja.

#4

Naongezea kwenye picha maana hiyo ndo kazi yangu. Wateja wengi wanalipia siku nzima na wanachohitaji ni masaa machache. Mkae na mpiga picha mumpe ratiba, aanze lini aishie lini, kujiandaa bibi harusi saa moja ya mwisho inatosha, ndoa yenyewe, picha za familia, kuingia ukumbini, keki na mziki wa mwanzo. Baada ya hapo watu wanacheza na picha zinafanana. Albamu kubwa unaweza kuichukua hata mwaka unaofuata mkiwa mmejipanga, mafaili mnakuwa nayo, ila ulizeni anayatunza kwa muda gani na myahifadhi zaidi ya sehemu moja.

Kingine, picha za familia. Kundi moja linachukua kama dakika 3 kulipanga na kulipiga. Makundi 10 ni nusu saa, makundi 30 ni saa moja na nusu, na muda huo wageni wamekaa wanawasubiri. Andikeni makundi mnayoyataka kwa kweli, mumpe orodha ndugu mmoja mwenye sauti anayewajua watu wa pande zote aite majina. Bila huyo mtu tunatumia muda mwingi kumtafuta shangazi ambaye yuko nje anaongea na simu.

#5 Mleta uzi

Mkuu asante sana, hilo la orodha ya makundi kila mtu aliandike.

Na limenikumbusha kitu, kusubiri. Ukiwauliza watu harusi gani waliifurahia sitarajii wakuambie habari za rangi ya vitambaa. Watakuambia walikula kwa wakati, waliwasikia waliokuwa wanaongea, walikaa na watu wanaowajua na maharusi walikuja mezani kwao wakawasalimia. Vitu vyote vinne havina gharama kubwa. Kula kwa wakati ni ratiba. Kusikia ni mtu mmoja kwenda kukaa kiti cha mwisho kabisa nyuma kabla wageni hawajafika, wengine waongee kwenye maiki mbele, aseme kama anasikia maneno au anasikia mlio tu. Nimeona sherehe yenye mapambo ya kukata na shoka ambayo baba mzazi aliongea maneno mazito ya kumuaga binti yake na nyuma ya ukumbi hakuna aliyesikia hata neno, watu wakaanza kuongea yao na yule mzee akakatisha hotuba. Hela ya ua moja kubwa pale mbele ingetosha spika mbili za nyuma.

Kwa hiyo mimi nashauri mchague vitu vitatu ambavyo kwenu nyie wawili ni vya maana kweli, kila mtu aandike vyake kwenye karatasi yake bila kuangaliana alafu mlinganishe. Hivyo vitatu mvipe hela bila kujibana. Vingine vyote viwe vya kawaida tu au visiwepo. Zawadi ndogondogo za kuwapa wageni wakati wa kuondoka mara nyingi zinabaki mezani, kadi za karatasi nzito zinaweza kuwa ujumbe mzuri wa wasap kwa wengi na za kuchapa zikabaki chache kwa wazee, gari la kukodi la kifahari linawabeba dakika chache.

#6

Samahani lakini mimi sikubaliani na baadhi ya mambo humu. Harusi ni mara moja, mtu amejinyima miaka, mwache afanye anavyotaka. Hii lugha ya kubana bana inawafanya watu waone aibu kusherehekea.

#7 Mleta uzi

Hapana dada, mwenye nazo na afanye, sijasema kusherehekea ni vibaya na furaha ya mtu haina kipimo cha mtu mwingine. Ninaongea na yule anayetaka kukopa. Mkopo wa biashara una kitu kinachorudisha, wa harusi unalipwa kutoka kwenye mshahara uleule unaotakiwa kulipa kodi ya nyumba na kuanza maisha, na unaanza kukatwa mwezi wa kwanza wa ndoa, wakati ambao bado mnajifunza hata namna ya kuongea habari za hela bila kununiana. Hao ndo nawaonea huruma na ndo nimewaandikia.

Na vingi tunavyodhani ni lazima vilitengenezwa na watu wa matangazo. Kauli ya almasi ni ya milele iliandikwa mwaka 1947 na Frances Gerety aliyekuwa mwandishi wa matangazo wa kampuni ya N. W. Ayer, kwa ajili ya De Beers wauzaji wa almasi. Anayeipenda almasi ainunue, ni jiwe zuri. Ila anayeogopa kuchumbia kwa sababu hana hela ya almasi naomba aondoe hiyo hofu leo.

#8

Vipi kuhusu kufanya wenyewe? Mimi na mchumba wangu tunataka tupambe wenyewe na marafiki wapike.

#9

Mkuu #8 kupamba wenyewe sawa ila pambeni vitu vinavyoweza kumalizika wiki moja kabla. Chochote kinachotakiwa kufanywa asubuhi ya siku yenyewe muwaachie watu wengine, asubuhi hiyo mna kazi moja tu ya kuoga na kuvaa na kutulia. Maua mabichi yanahitaji maji na ubaridi na mikono mingi, kama lazima basi chukueni yanayochanua kwa wingi msimu huo, ndo yanakuwa bei nafuu, na majani ya kijani yanajaza meza vizuri. Ukumbi ambao tayari una bustani au madirisha makubwa hauhitaji mapambo mengi, hiyo nayo ni hela.

Kupika hapo sikushauri. Chakula cha watu wengi si kile cha nyumbani mara kumi. Ni masufuria, ni moto, ni mahali pa kukihifadhi kisiharibike, kuna watu wanaumwa matumbo kwa ajili ya chakula kilichokaa masaa kwenye joto. Mtu anayelishwa na wewe amekuamini.

#10 Mleta uzi

Naunga mkono na naongeza, rafiki anayefanya kazi kwenye harusi yako hajaja kwenye harusi yako. Anayepiga picha hali, anayepika haoni ndoa ikifungwa. Ukimuomba mtu msaada muombe kitu kimoja chenye mwisho, kama kupokea wageni mlangoni mpaka ndoa ianze, alafu aende kukaa. Na kama hiyo kazi ndo inamuweka mjini, mlipe. Bei ya kirafiki aitaje yeye mwenyewe, usimtajie wewe.

Pia awepo mtu mmoja ambaye si bwana wala bibi harusi, wala si mama mzazi, anayeshika simu na namba zote za watoa huduma na bahasha za malipo yaliyobaki. Maharusi siku hiyo wasipokee simu yoyote ya keki.

#11

Tuongelee mikataba jamani, watu wanapigwa sana. Ndugu yangu alilipa yote kabla, siku tatu kabla ya harusi mpambaji hapokei simu.

#12 Mleta uzi

Pole kwa ndugu yako, inaumiza. Hili nalo ni refu ila nitagusia yenye uzito. Kila mtoa huduma, hata kama mmesoma naye, muandikiane. Tarehe, saa ya kufika na saa ya kuondoka, nini hasa kinaletwa na ni ngapi, jumla ya bei, advansi kiasi gani, kilichobaki kinalipwa lini, na mkiahirisha inakuwaje. Lipeni kwa mafungu, la mwisho liwe baada ya kazi au siku yenyewe vitu vikishafika. Risiti au ujumbe wa kuthibitisha malipo utunzwe.

Maswali ambayo watu wanasahau kuuliza ukumbi: bei hii inajumuisha viti na meza na usafi? Umeme ukikatika kuna jenereta na mafuta ni juu ya nani? Naweza kuleta mpishi na vinywaji vyangu au nalazimishwa wa kwenu? Mapambo yanaruhusiwa kuingia saa ngapi? Tukizidisha saa moja mnatoza kiasi gani? Hilo la mwisho liulizeni pia kwa dijei na mpiga picha na gari, maana ratiba ikichelewa saa moja mnatozwa ovataimu kwa watu wanne kwa wakati mmoja. Kwa maneno mengine bibi harusi akichelewa kwa msusi inalipwa na kila mtu.

Na kama sherehe ni nje, swali la mvua lijibiwe kabla ya kulipa advansi. Kutegemea kwamba haitanyesha hiyo si mipango.

#13

Mimi natumia kiti cha magurudumu na nataka niseme kidogo. Mkikagua ukumbi angalieni ngazi, angalieni mlango wa choo unapitisha kiti, na meza yangu msiiweke nyuma kabisa kwenye kona kwa sababu ndo pana nafasi. Mara nyingi naalikwa kwa upendo kabisa alafu nikifika nabebwa mbele za watu. Mkipanga mapema haiongezi gharama.

#14 Mleta uzi

Asante sana kwa kusema, naomba kila anayepanga asome hii post mara mbili. Kwenye ujumbe wa mwaliko wekeni sehemu ya mtu kuthibitisha anakuja, tarehe ya mwisho ya kuthibitisha, na swali moja tu, kuna chochote tukiandae kwa ajili yako, iwe chakula usichokula au mahali pa kukaa. Wazee wakae mbali na spika na karibu na choo. Wanaonyonyesha wapate chumba chenye mlango.

Na wasiothibitisha msikae mnawahesabia kwa kubahatisha, tarehe ikipita pigeni simu, mgawane majina wawili wenu jioni moja. Kila "siji" mnayoipata kabla hamjampa mpishi namba ya mwisho ni sahani mnayoiokoa bila kumuudhi mtu.

#15

Mkuu mimi nimeshachelewa, harusi ni miezi miwili ijayo, ukumbi mkubwa nimeshalipia advansi na kadi za mwanzo zimetoka, na hesabu nilizofanya leo baada ya kusoma uzi zinaonyesha siwezi. Nifanye nini?

#16 Mleta uzi

Kwanza tulia, miezi miwili inatosha. Waliopata kadi usiwaguse, hao umeshawaalika. Zilizobaki zifungie leo. Kesho nenda ukumbini wewe mwenyewe, usipige simu, omba uhamie kwenye ukumbi wao mdogo kama wanao au siku nyingine ya bei ya chini au mpunguze masaa, advansi yako ikiwa palepale. Mwenye ukumbi mara nyingi atapenda kukubakiza kuliko kukukosa. Wakikataa baki hapo, ila kodi meza za idadi yako tu na mzisogeze mbele karibu na maharusi, nyuma pawe wazi pa kuchezea, ukumbi hautaonekana mtupu.

Alafu leo usiku kaa na mwenzako umuonyeshe hizo hesabu zote kama zilivyo, usimfiche hata moja. Chukueni orodha ya ambavyo bado hamjalipia, muanze kufuta kutoka chini mpaka jumla ikae ndani ya hela mliyonayo. Mkikwama mahali tuma orodha hapa, ondoa bei kama hutaki zionekane, tutaipitia pamoja.